MAARIFA YA NYUMBANI: Programu ya Kurekodi Muziki kwa Mwenye Kipato Kidogo

Katika makambi ya jeshi na polisi muziki hauna siku ya mapumziko. Alfajiri tarumbeta huwaamsha watu, Jumapili kwaya za akina mama hulijaza kanisa, maulidi yakifika dufu na kasida husikika hadi usiku, na jioni vijana wa kambini hukusanyika penye kivuli na gitaa moja lenye nyuzi nne. Si ajabu basi kwamba katika nyumba nyingi za askari lipo swali moja siku hizi: je, sauti hizi zaweza kurekodiwa hapa hapa nyumbani bila kuufilisi mshahara?

Zamani jibu lilikuwa hapana. Nchini Tanzania, bendi za askari kama Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa zilijulikana mbali kwa kuwa Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na studio na mafundi wa kuzirekodi. Hapa Uganda, Klaus Wachsmann, aliyekuwa mwangalizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi kuanzia mwaka 1949 akinasa nyimbo na ala za makabila mbalimbali kwa mitambo ambayo haikuwa ya kubebwa mfukoni. Nakala za kazi yake zimehifadhiwa Makerere, na wajukuu wa waimbaji wale waweza kuwasikia babu zao. Lakini kila mzee ambaye mtambo haukumfikia alikwenda kaburini na nyimbo zake.

Leo kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, kipaza sauti kimoja na programu inayofaa hutosha kuanza kazi. Taabu iliyobaki ni ya uchaguzi. Programu ni nyingi, wauzaji ni wengi zaidi, na kijana anayeanza huambiwa na kila mtu kwamba bila ile ya dola mia nne hatafika popote. Makala hii yakusudia kuipunguza taabu hiyo.

Kazi kwanza, programu baadaye

Kila chombo kwa wimbile, walisema wahenga. Kabla ya kutaja jina la programu yoyote, anayeanza hana budi kujiuliza anataka kufanya nini. Kazi za kurekodi ni za aina mbili, na wengi hupoteza fedha kwa kutozitenganisha.

Aina ya kwanza ni kunasa sauti zilizo hai: mwimbaji, kwaya, gitaa, adungu, ngoma, hotuba ya mzee. Hapa programu hufanya kazi ya daftari. Hupokea sauti kutoka kwenye kipaza sauti, huihifadhi katika njia yake, kisha huruhusu njia ya pili kurekodiwa huku ya kwanza ikisikika. Kwa hiyo mtu mmoja aweza kupiga gitaa, akarudi akaimba, akarudi tena akajiitikia, na mwishowe njia zote zikachanganywa kuwa wimbo mmoja.

Aina ya pili ni kutunga kwa ala zilizomo ndani ya kompyuta yenyewe: ngoma, besi na vinanda ambavyo havikupigwa na mkono wa mtu, bali vimepangwa nota kwa nota kwenye kioo. Ndiyo njia ya vijana wengi wanaotunga mapigo ya muziki wa kizazi kipya.

Programu kubwa hufanya kazi zote mbili, ila kila moja ina upande inaouweza zaidi. Kwaya ya kambi ikipewa programu iliyoundwa kwa ajili ya mapigo itasumbuka bure. Vivyo hivyo mtunzi wa mapigo akipewa programu isiyo na vinanda.

Programu zisizodai hata senti

Ya kwanza kutajwa ni Audacity, iliyotolewa kwa umma mwaka 2000 na watu waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani. Ni ya bure, na hufanya kazi katika Windows, Mac na Linux, hata kwenye kompyuta yenye umri. Kwa kurekodi hotuba, mahubiri, hadithi za wazee au mwimbaji na gitaa lake, yatosha kabisa. Kwa miaka mingi kasoro yake ilikuwa kwamba kila badiliko liliingia moja kwa moja ndani ya sauti. Mtu akiongeza mwangwi leo, kuuondoa kesho ilikuwa kazi. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022, baadhi ya mapambo ya sauti huweza kuwekwa na kuondolewa bila kuigusa sauti ya asili. Hata hivyo haifai kwa mtunzi wa vinanda vya kompyuta.

Mwenye kompyuta au simu ya kampuni ya Apple huwa na GarageBand, iliyotokea mwaka 2004. Hutolewa bure, ina ngoma na vinanda vya kutosha, na ni rahisi kujifunza. Tatizo lake ni kwamba haifanyi kazi nje ya vyombo vya kampuni hiyo, navyo bei yake ni kali. Haina maana kununua kompyuta ya gharama kubwa kwa ajili ya kupata programu ya bure.

Asiye na kompyuta hata moja aweza kuanza na BandLab kwenye simu ya kawaida. Nayo ni ya bure, ila hutegemea intaneti kwa mambo mengi, na kifurushi cha data nacho ni fedha. Kwa mtunzi wa mapigo ipo LMMS, ya bure na nyepesi, lakini toleo lake la kawaida halikuundwa kwa kurekodi mwimbaji. Ipo pia Waveform Free ya kampuni ya Tracktion, ambayo huchanganya kazi zote mbili bila kuweka idadi ya juu ya njia.

Programu za kununuliwa

Katika programu za kulipia, inayostahili kutazamwa kwanza na mwenye kipato kidogo ni Reaper, iliyoundwa na Justin Frankel, yule yule aliyeandika Winamp iliyopigisha muziki katika kompyuta nyingi miaka ya nyuma. Faili lake la Windows ni dogo, halifikii megabaiti 50, na kompyuta ya kawaida hulimudu. Hutolewa kwa majaribio ya siku 60 bila kupunguziwa uwezo wowote. Baada ya hapo mtu binafsi hulipa dola 60, yaani zaidi kidogo ya shilingi laki mbili za Uganda, na leseni hiyo hutumika kwa toleo kuu lililonunuliwa pamoja na lile linalofuata. Studio kubwa yenye mapato makubwa hulipa dola 225 kwa programu ile ile. Kasoro yake ni kwamba haina hazina kubwa ya ngoma na vinanda, na sura yake humtisha mgeni siku za mwanzo.

FL Studio ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji inapendwa sana na watunzi wa mapigo. Sifa yake kubwa ni kwamba aliyeinunua hupata matoleo yote yajayo bila kulipa tena. Lakini mambo mawili yajulikane kabla ya kufungua pochi. Kwanza, katika toleo la majaribio kazi huweza kuhifadhiwa, ila haifunguki tena kwa kuendelezwa mpaka leseni inunuliwe. Pili, huuzwa kwa madaraja yenye bei tofauti na uwezo usiolingana. Anayetaka kurekodi waimbaji na athibitishe kwanza kwamba daraja analolilipia linaruhusu kazi hiyo.

Dola mia nne na ada ya muhula

Ichukuliwe kwa mfano nyumba ya sajini mmoja. Baba yuko Somalia, ambako askari wa Uganda wamekuwa wakilinda amani tangu mwaka 2007. Mama ndiye mshika mfuko. Kijana wao amemaliza kidato cha nne naye ana kipaji. Babu, aliyestaafu kutoka bendi ya polisi, anaishi nao, na kifua chake si kizuri.

Kijana anamwendea mama yake na kusema, "Mama, nimeambiwa programu nzuri ni dola mia nne. Baba akituma fedha, naomba uninunulie." Mama anajibu, "Mwanangu, hiyo ni ada ya mdogo wako. Huyo aliyekuambia, je, alikuuliza unataka kurekodi nini?" Kijana ananyamaza. Hajaulizwa, naye hajajiuliza.

Mama huyo hajui kompyuta, lakini ameuliza swali ambalo fundi yeyote mwaminifu angeliuliza. Kijana huyo akichukua Audacity leo, aweza kumrekodi babu yake jioni hii hii kabla kifua hakijaharibika zaidi. Akichukua Reaper kwa majaribio, ana siku 60 za kujifunza kuchanganya njia. Zikiisha naye angali anarekodi kila juma, basi dola 60 zitakuwa zimepata mtu anayezistahili. Ikiwa hamu imekwisha, hakuna kilichopotea na ada imelipwa. Hakuna programu itakayomrudishia babu sauti yake ikiwa kijana ataketi mwaka mzima akingojea dola mia nne.

Programu za wizi

Mijini wako watu wanaouza programu za bei kubwa kwa shilingi elfu chache, zikiwa zimevunjwa kufuli. Wengi huona jambo hilo kuwa dogo. Kwanza ni hatari kwa mashine, maana aliyevunja kufuli hakufanya kazi hiyo kwa huruma, na mara nyingi ndani ya programu hizo hufichwa virusi vinavyoiba maneno ya siri na hesabu za fedha za simu. Katika nyumba ya askari, ambamo kompyuta moja hutumiwa na baba kwa mambo yake na mtoto kwa muziki, hasara hiyo yaweza kuvuka mipaka ya nyumba.

Pili ni kosa la sheria. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 hulinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo. Kijana anayetaka nyimbo zake zisinakiliwe ovyo hawezi kuanza kwa kunakili jasho la mwingine. Tena nyumba ambayo mwenyewe huvaa sare ya sheria haifai kuhifadhi mali ya wizi, hata ikiwa mali hiyo haishikiki kwa mkono. Madhali zipo programu za bure zenye uwezo wa kutosha, udhuru umekwisha.

Fedha ziende wapi?

Programu ikiwa ya bure au ya bei ndogo, kinachobaki kielekezwe kwenye vyombo. Kwanza ni kompyuta. Yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 hutosha kwa anayeanza, na diski yake ikiwa ya SSD kazi huwa nyepesi zaidi. Nafasi ya kuhifadhi nayo ihesabiwe. Njia moja iliyorekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 hula karibu megabaiti 8.6 kila dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye njia 8 hufikia karibu megabaiti 276, na nyimbo 10 hukaribia gigabaiti 2.8, bila kuhesabu marudio ya waliokosea.

Pili ni kipaza sauti. Vipo vya aina mbili kwa kawaida. Vile vya kondensa husikia kila kitu na huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kiunganishi. Vile vya dainamiki ni vigumu kuharibika na havisikii sana kelele za mbali. Katika nyumba za kambini, zilizopangana ukuta kwa ukuta, ambamo mtoto hulia huku na gari la doria huunguruma kule, cha dainamiki huleta amani zaidi.

Tatu ni kiunganishi cha sauti, yaani kile kisanduku kidogo kinachounganisha kipaza sauti na kompyuta kwa waya wa USB. Faida yake kubwa ni kupunguza kuchelewa kwa sauti. Kompyuta hukusanya sauti mafungu kwa mafungu. Fungu la sampuli 128 kwa kasi ya 48,000 huchelewa chini ya milisekunde 3, lakini fungu la sampuli 1,024 huchelewa zaidi ya milisekunde 21, na hapo mwimbaji hujisikia nyuma ya wimbo wake mwenyewe. Wakati wa kurekodi fungu liwe dogo. Wakati wa kuchanganya liongezwe ili kompyuta ipumue.

Nne ni vipokea sauti vya kichwani, vilivyofunika masikio yote, ili mapigo yanayosikilizwa yasivujie kwenye kipaza sauti.

Kuhusu chumba, vijana wengi hubandika trei za mayai ukutani wakidhani zinazuia kelele. Hazizuii, tena hushika moto upesi. Godoro lililosimamishwa, blanketi nzito nyuma ya mwimbaji na kabati lililo wazi lenye nguo nyingi hufanya kazi bora zaidi ya kupunguza mwangwi, bila gharama. Mvua ikinyesha juu ya bati, kazi na isimamishwe, kwani hakuna programu itakayoiondoa bila kuiumiza sauti ya mwimbaji.

Kipimo cha sauti nacho kiangaliwe. Mwimbaji apazapo sauti ya juu kabisa, mshale ubaki kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Sauti ndogo huweza kuongezwa baadaye, lakini iliyogonga nyekundu imekwisha kupasuka.

Nidhamu ya kambini

Kurekodi ndani ya kambi kuna adabu zake. Ruhusa ya mkuu wa kambi iombwe mapema, hasa kwa kwaya au bendi yenye watu wengi. Kipaza sauti hakichagui cha kusikia: amri za gwaride, majina ya vikosi na mazungumzo ya redio ya zamu huweza kuingia nyuma ya wimbo na kusafiri nao hadi mikononi mwa watu wasiohusika. Kila wimbo usikilizwe kwa makini, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kutumwa kwa yeyote. Jirani aliyerudi kutoka doria ya usiku naye ana haki ya kulala mchana. Ratiba na ipangwe kwa kuelewana naye.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi wa Novemba 2017 kampuni ya Gibson ilitangaza kuacha kuiendeleza Sonar, programu ya Cakewalk iliyokuwa na wateja waliolipa kwa miaka mingi. Watu hao walikaa kwa miezi katika wasiwasi mpaka Februari 2018, ambapo kampuni ya BandLab ya Singapore iliichukua kazi hiyo na baadaye kuitoa programu bure. Si kila programu hupata mwokozi. Kwa sababu hiyo, kila wimbo ukikamilika, kila njia itolewe peke yake katika faili la WAV, ambalo programu yoyote hulifungua, ya leo au ya kesho. MP3 ni ya kutuma kwa ndugu na marafiki, haifai kuwa nakala ya akiba, maana hupunguza baadhi ya sauti ili faili liwe dogo.

Nakala ziwe mbili, katika vyombo viwili, mahali pawili. Familia za askari huhamishwa mara kwa mara, mizigo hupotea njiani, na umeme hukatika pasipo taarifa. Diski ndogo ya nje iliyoachwa kwa shangazi kijijini yaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee itakayosalia. Kwenye kila faili yaandikwe majina ya waimbaji, mtunzi, mahali na tarehe, kwa sababu baada ya miaka 20 sauti isiyo na jina ni kama picha ya mtu asiyejulikana. Mwenye nia ya kuuza nyimbo zake aweza kuandikisha hakimiliki katika ofisi ya usajili ya serikali, URSB.

Kwa ufupi, anayetaka kurekodi sauti na aanze na Audacity. Anayetaka kuchanganya njia nyingi aijaribu Reaper kwa siku zake 60 au Waveform Free. Mtunzi wa mapigo aanze na LMMS, kisha aikusanyie FL Studio fedha polepole akiona anaihitaji. Programu moja ijifunzwe kwa miezi sita kamili kabla ya kutamani nyingine, kwa maana anayebadili jembe kila siku hamalizi shamba. Na ikiwa nyumbani yupo mzee mwenye nyimbo kichwani, basi yeye ndiye wa kwanza kukalishwa mbele ya kipaza sauti.